Fonti nene ya kulala: maswali tunayoulizwa kila siku hapa Malindi

Watu wanaokuja kuandikiwa majina kwenye tuktuk, boti, jezi na mabango wanauliza mambo yaleyale, na vijana wanaojifunza dizaini nao wanauliza yaleyale kwa WhatsApp, sasa nimeyakusanya hapa mtu asome kwa nafasi yake kabla hajaleta kazi. Yote yanahusu aina moja ya fonti, ile nene, inayoegemea kulia, isiyo na vijimkia kwenye ncha. Ni fonti ninayoipenda sana na ndo maana inaniuma nikiiona imewekwa mahali ambapo haisomeki.

Ni fonti gani hasa hiyo?

Chukua gazeti uangalie habari yenyewe, sio kichwa. Kwenye ncha za herufi utaona vijimkia vidogo vimetokeza, chini ya i, juu ya l, kwenye miguu ya m. Halafu angalia maandishi ya kwenye simu yako, vijimkia hivyo havipo, mstari unaishia pale unapoishia. Hizo zisizo na vijimkia ndo sanserifu. Ukizinenepesha mpaka mistari ikawa mizito umepata boldi, zikiegemea kulia ni italiki, wengine husema mlazo, na kama zimechorwa makusudi kwa maneno machache makubwa badala ya kurasa za kitabu basi ni fonti ya displei. Weka yote hayo pamoja, unapata ile herufi ya mgongoni mwa jezi, ubavuni mwa spidiboti, kwenye kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, kwenye kioo cha nyuma cha matatu.

Ilianzia wapi?

Vipande vyake vilizaliwa mbalimbali. Mlazo ndo mkubwa kwa umri. Mwaka 1501 kule Venice, Italia, mchapaji Aldus Manutius alichapisha mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kwa herufi za kulala zilizochongwa na Francesco Griffo, na wakati huo kitabu kizima kilikuwa cha kulala, hakuna cha kusisitiza neno moja, walikuwa wanafuata mwandiko wa mkono wa wasomi wa enzi hizo. Vasco da Gama alikuwa ametia nanga hapa kwetu 1498, kwa hivo ni miaka ileile tu. Herufi isiyo na vijimkia ikachelewa sana kuingia kwenye uchapaji, mpaka 1816 London, William Caslon wa Nne alipoiweka kwenye kitabu cha sampuli cha kiwanda chake, herufi kubwa tupu, ndogo hazikuwepo. Unene nao ulikolea karne hiyohiyo ya 19 manake matangazo ya biashara yalianza kugombania macho ya watu ukutani. Baadaye ndo zikaja zile zinazojulikana zaidi, Futura ya Paul Renner kutoka Ujerumani mwaka 1927, na Helvetica ya Uswisi mwaka 1957, kazi ya Max Miedinger na Eduard Hoffmann, ambayo mwanzo iliitwa Neue Haas Grotesk.

Ukitaka kuona nguvu yake tafuta kazi za Barbara Kruger, msanii wa Marekani. Maneno machache ya Futura nene ya kulala, meupe juu ya nyekundu, na picha nzima inasimama.

Kwa nini watu wa tuktuk na boti wote wanaitaka hiyo?

Kwa sababu inaonyesha mwendo. Kitu kinachokwenda kwa kasi kinainama mbele na macho yetu yanalijua hilo bila kufundishwa, kwa hivo jina likiegemea mbele chombo kinaonekana kina haraka hata kikiwa kimeegeshwa stendi. Unene wake nao unasomeka mbali.

Lakini kuna sababu ya kifundi ambayo wateja hawaijui. Stika inakatwa na mashini, kisu kinapita juu kikikata ile plastiki ya rangi na kuacha karatasi ya chini nzima, halafu unakaa na kibanio unachambua kila kisichotakiwa, matumbo ya a, ya e, ya o, moja moja. Fonti yenye vijimkia vyembamba inakuchosha hapo, vijimkia vinang'oka na uchafu unaotoa, na hata vikibaki, wiki chache za chumvi na jua vinaanza kujikunja kwenye ncha na maji yanaingia chini. Herufi nene bila vijimkia inashika vizuri kwa sababu ina eneo kubwa la gundi na haina ncha za kukwama na nguo ya mtu anayepanda. Kwa boti hilo peke yake linatosha kuichagua.

Mbona upande mmoja wa tuktuk yangu jina linakimbia mbele na upande wa pili linaonekana kama linarudi nyuma?

Hili swali nalipenda sana, manake wengi hawalioni mpaka kazi imeshabandikwa. Sisi tunasoma kushoto kwenda kulia na mlazo unaegemea kulia. Sasa simama ubavuni upande wa kulia wa tuktuk, pua yake iko mkono wako wa kulia, kwa hivo herufi zinaegemea inakoelekea, safi. Zunguka upande wa kushoto. Pua sasa iko mkono wako wa kushoto lakini herufi bado zinaegemea kulia, yaani zinaegemea matakoni mwa tuktuk. Na Kenya tunaendesha kushoto, kwa hivo yule abiria aliyesimama kando ya Barabara ya Lamu akisubiri usafiri anaona ule upande unaorudi nyuma, tena ndo mtu uliyekuwa unamtaka.

Boti ni hivohivo. Jina la ubavu wa kulia linaelekea omo, la ubavu wa kushoto linaelekea tezi.

Ufumbuzi upo na kila fundi ana wake. Wengine wanazilaza herufi kinyume, ziegemee kushoto, mimi sishauri, macho hayajazoea na neno linaonekana linaanguka chali. Wengine upande wa kushoto wanatumia fonti ileile lakini iliyosimama wima, hiyo inakubalika, ila jina likiwa na sura mbili kwenye chombo kimoja mtu halikumbuki vizuri. Ninachoona bora ni kupunguza mlazo pande zote mbili, digrii nane hivi badala ya kumi na tano, halafu ule mwendo uupe mistari ya rangi inayochongoka kuelekea mbele. Mistari haina upande wa kusoma, inageuzwa kama kioo bila shida, kwa hivo kushoto na kulia vyote vinakimbia mbele na jina linabaki lilelile.

Si nabonyeza tu ile kitufe cha kulalisha kwenye Word? Kuna tofauti gani?

Tofauti ni kubwa na ukishaijua hutaacha kuiona. Fonti iliyochorwa italiki ina faili yake kabisa, mchoraji alikaa akarekebisha kila herufi baada ya kuilaza. Kama faili hiyo huna, programu inachukua herufi ya wima na kuisukuma kichwa tu, basi, hairekebishi chochote. Kwenye maandishi madogo mtu anaweza asione, kwenye bena la mita tatu linapiga kelele.

Angalia O. Duara likisukumwa kichwa linavimba kona ya juu kulia na kona ya chini kushoto, na linakonda kwenye zile kona mbili zingine, kama tairi iliyokaliwa. Halafu angalia A, mguu wa kushoto umezidi kulala ukawa mwembamba, mguu wa kulia umekaribia kusimama ukawa mnene, utadhani imeshonwa na mafundi wawili. S inapoteza uti wake. Kadri herufi ilivyo nene ndivo inavyoonekana zaidi, kwa hivo aina hii ya fonti ndo inayoumia kuliko zote.

Boldi ya kulazimishwa nayo ni hivohivo, programu inapaka mstari kuzunguka herufi, matumbo ya a na e yanazibika. Ukipewa boldi ya uongo na italiki ya uongo kwa pamoja, hiyo kazi ianze upya.

Namna ya kujua ni rahisi, fungua orodha ya fonti zilizoko kwenye kompyuta uangalie kama kuna faili iliyoandikwa Bold Italic au Bold Oblique. Haipo, basi hiyo fonti haina, hata kitufe kikikubali. Impact ya Geoffrey Lee ya mwaka 1965, ambayo iko kwenye kompyuta nyingi sana za Windows, haina italiki. Bebas Neue ambayo kila dizaina kijana anaipenda haina italiki na wala haina herufi ndogo.

Nitapata wapi fonti za bure ambazo ni halali?

Google Fonts, na usihangaike kwingine mpaka umezimaliza. Zilizoko pale nyingi zina leseni ya SIL Open Font License, ambayo inakuruhusu kuitumia kwa biashara, kuchapisha jezi ukauza, kuandika gari la mteja, kutengeneza logo. Usichoruhusiwa ni kuichukua faili ya fonti na kuiuza yenyewe kama yenyewe.

Nitakutajia ninazozitumia mimi. Barlow ya Jeremy Tribby inatokana na sura ya California, namba za magari, alama za barabarani, mabasi, treni, na inakuja kwa upana wa aina tatu, kila upana una unene tisa, kila unene una italiki yake ya kweli, kwa hivo kwa kazi za magari sioni ya kuizidi. Kanit kutoka kwa Cadson Demak wa Thailand ina ncha zilizokatwa kwa pembe na boldi yake ya kulala inafaa sana kwa timu za mpira. Montserrat ilichorwa na Julieta Ulanovsky wa Buenos Aires kutokana na mabango ya zamani ya mtaa wenye jina hilo, hiyo ni pana, nzuri kwa neno fupi, mbaya kwa neno refu. Poppins ya Indian Type Foundry ni ya mviringo, inapendeza kwa duka na saluni kuliko kwa chombo cha mbio.

Zile tovuti zingine zenye fonti elfu na elfu, soma kwanza. Nyingi zimeandikwa bure kwa matumizi binafsi, na kuweka maandishi kwenye gari la biashara si matumizi binafsi.

Herufi ziwe na ukubwa gani ili zisomeke?

Mafundi wa mabango wana kipimo chao cha siku nyingi, kila sentimita mbili na nusu za urefu wa herufi zinasomeka vizuri kwa mita tatu hivi. Mtu akiwa mita 12 ng'ambo ya barabara, herufi iwe sentimita 10. Boti ikiwa mita 30 kutoka jeti, sentimita 25. Hicho ni kipimo cha kusoma bila kukodoa, mbali zaidi unaweza kuona lakini unajikaza. Kwa kitu kinachotembea, ongeza.

Jina langu ni refu, nilibane liingie?

Usilibane kwa kuvuta pembeni. Ukilivuta, mistari ya wima inakonda na ile ya kukatiza kushoto kwenda kulia inabaki minene vilevile, herufi inaharibika kama ile ya kulalishwa kwa nguvu. Tumia fonti iliyochorwa nyembamba kutoka mwanzo, Barlow Condensed kwa mfano, unene na mlazo wake vimepimwa pamoja. Kwa jezi ndo muhimu kabisa, manake kuna majina ya kwetu yanatoka bega hadi bega na bado hayajaisha.

Nafasi kati ya herufi mbona haziko sawa?

Andika WATAMU kwa herufi kubwa nene za kulala halafu uangalie. W na A zinaachana, A na T zinaachana, T na A tena, halafu M na U ghafla zimebanana, neno linaonekana kama W A T A MU. Ni kwa sababu W, A na T zina pembe na mabega yanayoacha uwazi, M na U zina kuta za wima. Fonti nzuri imeshapangiwa hayo ndani, kila jozi na kipimo chake, ila kuna programu zinazima hiyo mipango na kuna fonti za bure ambazo mchoraji hakufika huko.

Kiswahili kinaisumbua fonti kuliko lugha nyingi hapo, tuna WA, YA, TA, VYA, KWA kila mahali. Kwa hivo ukitaka kujaribu fonti mpya usiandike lile jina lake lililokuja nalo, andika WATAMU, andika KAYA, andika TAWI LA VIJANA. Kisha rekebisha kwa mkono, jozi kwa jozi, usiangalie herufi zenyewe, angalia ule uwazi katikati mpaka kila uwazi uonekane una uzito mmoja. Dakika chache tu, lakini ndo zinazotenganisha bango la kununua na bango la kuvumilia.

Na ng' inaandikwaje?

Ile alama juu baada ya g iwe ya kujipinda kama tisa ndogo, ama iwe wima kabisa, lakini isiwe ile iliyopinduka inayofungua nukuu. Simu na kompyuta zina tabia ya kukuwekea iliyopinduka hasa ukiacha nafasi kabla yake. Halafu isogeze karibu, kwenye boldi ya kulala alama hiyo huweza kukaa mbali na G, NG'OMBE inageuka maneno mawili. Kwenye stika, alama hiyo ndo kipande kidogo kuliko vyote na ndo cha kwanza kubanduka, kwa hivo inenepeshe kidogo.

Niandike herufi kubwa zote au nichanganye?

Neno moja au mawili, kubwa zote sawa, zinajaza nafasi vizuri na hazina vichwa na mikia ya kwenda juu na chini. Yakizidi matatu changanya. Herufi kubwa tupu zote zina urefu mmoja, neno linakuwa kipande cha ubao. Pia kwenye sanserifu nyingi I kubwa na l ndogo ni mstari uleule, kwa hivo maneno kama Ilani au Illa ukichanganya yanapoteza mtu, hapo bora kubwa zote.

Namba ya simu na namba ya till, ile ya kulipia kwa simu, nazo ziwe za kulala?

Hapana. Hili nalisisitiza kwa kila mteja hata akinuna. Jina likikosewa kidogo mtu atalielewa, namba ikikosewa tarakimu moja pesa inaenda kwa mtu mwingine. Kwenye boldi nzito ya kulala 6, 8 na 9 zinafanana ukiwa mbali, 3 nayo inajifunga inaelekea 8, na 1 inaegemea inaelekea 7. Tumia fonti ya familia hiyohiyo lakini iliyosimama, unene wa kati, na uziachie nafasi, zipange kwa makundi ya tatu tatu. Namba ya usajili ya gari yenyewe usiiguse kabisa, hiyo ina sheria yake.

Naweza kulalisha maandishi ya Kiarabu pia yalingane?

Tunaulizwa sana hasa wakati wa Maulidi na mabango ya madrasa. Jibu ni usisukume kwa kompyuta. Khati ya Kiarabu haina desturi ya italiki kama hii ya Kilatini, msisitizo wake unatoka kwa kuivuta herufi, kwa ukubwa, kwa kubadilisha aina ya khati, na ukiisukuma kichwa zile nukta zinahama na mikunjo inavunjika. Tafuta fonti nene ya Kiarabu iliyosimama, iwe na uzito unaokaribiana na ya Kilatini, uziweke pamoja, zitaelewana bila kufanana.

Na kuna kheri moja hapo. Kiarabu kinasomwa kulia kwenda kushoto, kwa hivo kwenye ule ubavu wa kushoto wa chombo, ambao italiki yetu inarudi nyuma, maandishi ya Kiarabu yanakwenda mbele. Kama jahazi lako au gari lako lina jina kwa khati zote mbili, ubavu wa kushoto upe Kiarabu nafasi kubwa, ubavu wa kulia upe Kilatini. Lamu na hapa watu wanasoma zote mbili, hakuna atakayepotea.

Ile fonti ya kukopi na kupeisti kwenye bayo ya Instagram ndo hiyohiyo?

Inafanana tu, lakini hiyo si fonti. Karibu kila alama ya maandishi duniani ina namba yake kwenye orodha inayoitwa Unicode, na mwaka 2001 waliongeza alfabeti nzima za alama za hesabu, kwa wanahisabati wanaohitaji A nene iwe na maana tofauti na A ya kawaida. Mojawapo ni nene, ya kulala, isiyo na vijimkia. Zile apu zinabadilisha kila herufi yako kwa alama ya hesabu inayofanana nayo.

Inapendeza, ila ujue unachopoteza. Mtu akitafuta jina la duka lako anaweza asilipate, kwa sababu kwa kompyuta uliyoandika si jina, ni mfululizo wa alama. Mtu asiyeona anayetumia apu ya kusomewa skrini, hiyo apu inaweza kuliruka jina kimya au imsomee kila herufi kwa jina refu la kihesabu mpaka achoke. Simu za zamani zinaonyesha vibox vitupu. Na kwenye seti hiyo ya nene ya kulala hakuna tarakimu, kwa hivo namba yako ya simu itabaki na sura nyingine. Kwa neno moja la kupamba sawa, kwa jina la biashara na mahali ulipo andika kawaida.

Kwenye WhatsApp una njia safi, zungushia neno nyota (*) kwa boldi na mstari wa chini (_) kwa italiki, ukiweka zote mbili unapata nene ya kulala, na chini yake maandishi yanabaki maandishi.

Rangi gani zinaikubali?

Yenye tofauti kubwa. Nyeupe juu ya bluu iliyokolea, nyeusi juu ya manjano, nyeupe juu ya nyekundu japo nyekundu jua la huku linaipausha mapema. Manjano juu ya nyeupe usithubutu. Kitu kimoja watu hawakijui, herufi nyeupe juu ya giza inaonekana nene kuliko ilivyo, kwa hivo ukiwa na fonti nzito sana shuka unene mmoja, la sivyo matumbo ya a na e yatajaa mwanga na kupotea.

Ukitaka kuzungushia mstari, hakikisha mstari uko nyuma ya herufi. CorelDRAW, programu ya kuchorea, ikiachwa ilivyo inaweka nusu ya mstari ndani ya herufi na nusu nje, unaongeza mstari huku herufi inaliwa. Kuna alama ya kuweka mstari nyuma, ibonyeze.

Wapi haifai kabisa?

Menyu. Mteja amekaa, ana njaa, anataka kusoma mistari ishirini ya samaki na wali wa nazi na bei, na wewe umempa mistari ishirini inayokimbia. Jina la hoteli juu liwe hivo, ndani weka fonti ya kawaida iliyosimama. Notisi ndefu za ofisi pia hapana. Tangazo la msiba hapana, hii fonti ina shangwe na haraka, wafiwa hawana hata moja. Kadi ya harusi mimi nakataa labda bwana harusi awe na timu ya mpira na wote wawili wamekubali. Kliniki na duka la dawa, angalia sana, mtu anayeumwa anataka kuona utulivu.

Niioanishe na fonti gani?

Ndugu yake wa wima, wa unene wa kawaida. Barlow nene ya kulala kwa jina, Barlow ya kawaida kwa maelezo, imekwisha. Mbili za kulala kwenye bango moja zinagombana, na mlazo wa digrii tofauti ni mbaya zaidi, jicho linaona mistari inayotaka kukutana na haikutani.

Nikuletee faili ya aina gani?

PDF au SVG, maandishi yote yageuzwe kuwa michoro kwanza, manake kompyuta yangu isipokuwa na fonti yako itaweka nyingine na herufi zitahama. Lakini niletee na faili ya pili ambayo maandishi bado yanaharirika, pamoja na jina la fonti, ili tukikuta kosa la tahajia tulirekebishe bila kuanza upya. Picha ya skrini ya simu hatukati nayo stika, kisu kinataka mstari, picha ni nukta tupu.

Pima sehemu yenyewe kwa futi kamba, kioo cha nyuma cha tuktuk kina mpinda na mpira pembeni unakula sentimita mbili tatu kila upande, kwa hivo pima ndani ya mpira. Tuma picha ya nyuma, ya kulia na ya kushoto, kila moja ikipigwa ukiwa umesimama sawa na katikati ya chombo. Kama ni boti tuma ikiwa imepandishwa ufukweni na weka alama kwa chaki maji yanapofika ikiwa imejaa watu, stika haiendi chini ya hapo.

Rangi ya boti iwe imekauka kabisa na isuguliwe chumvi kwa maji baridi, yasiyo ya bahari, kabla ya siku ya kubandika. Tunabandika asubuhi mapema, jua likishapanda stika inalainika na kuvutika, na herufi ya kulala ikivutika hata kidogo mlazo wake unabadilika.